Massey ya kabatini: Britains ya zamani, Siku, Universal Hobbies au Ertl?

Jioni hii mezani kwangu kuna modeli nne za matrekta ya Massey Ferguson, kila moja na mtengenezaji wake. Zote nyekundu, zote zimebeba jina moja, lakini ukizishika huku umefumba macho utadhani hazina undugu. Corgi ya miaka ya 1960, MF 165, ni nzito kama kufuli. Britains ya MF 135 inaifuata, na ubaridi wa chuma unausikia kidoleni. Universal Hobbies ya MF 135 hiyohiyo ina vijiti na mabomba mengi hata hujui uishike wapi. Siku ya MF 8680 ndiyo kubwa kuliko zote, inajaa kiganja, na hakuna kinachocheza wala kulegea.

Ndugu na marafiki wanaotaka kununua modeli yao ya kwanza huniuliza swali moja: za zamani ni bora, au za sasa? Nimelijibu vibaya kwa miaka mingi. Nilikuwa nasema za zamani, kwa sababu ya uzito. Baadaye nikasema za sasa, kwa sababu ya uzuri. Sasa hivi kabla ya kujibu namuuliza anayeuliza: trekta lako litashikwa na nani? Maana ubora wa vitu hivi umegawanyika njia mbili. Kuna kufanana na trekta la kweli, na hilo limepanda sana tangu nizaliwe. Kuna kudumu mkononi, na hilo kwa watengenezaji wengi limeshuka. Ukilipia moja ukitarajia kupata yote mawili, utaumia.

Nimechagua Massey kwa ulinganisho huu kwa sababu ndilo trekta ninalolijua kwa mwili. Nimekulia Karatu. Babu hakuwa na trekta. Alikodi kwa ekari, na lililokuja msimu baada ya msimu lilikuwa MF 135 la jirani, rangi imepauka kwa jua, kiti kimefungwa gunia. Najua boneti lake linavyokatika mbele, najua injini yake ya Perkins yenye silinda tatu inavyokohoa asubuhi. Mtu anayelijua trekta la kweli hadanganyiki kirahisi na modeli. Kama kwenu lilikuwa Ford 5000 au New Holland, anza na hilo, kwa sababu jicho lako ndilo kipimo kizuri kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Skeli kwanza, maana hapa ndipo watu hukosea

Skeli ya 1:32 maana yake sentimita moja kabatini ni sentimita 32 shambani. MF 135 la kweli lina urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo modeli yake ni kama sentimita 9 tu. Kwa 1:16 inakuwa karibu sentimita 18. Wapo walioagiza 1:64 wakidhani wameagiza kitu kikubwa kwa sababu namba ni kubwa. Ni kinyume chake: namba ikikua, trekta linasinyaa.

Ulaya imeshikilia 1:32 na Marekani imeshikilia 1:16 pamoja na 1:64. Sababu ya Ulaya inanifurahisha. Britains ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza wanasesere wa askari wenye urefu wa milimita 54, na mtu wa milimita 54 ni takriban 1:32. Shamba likatengenezwa limfuate mtu: ng'ombe, uzio, mkokoteni, na mwishowe trekta. Mpaka leo Siku, Wiking, Universal Hobbies na wengineo wanafuata kipimo kilichowekwa na askari wa madini ya risasi.

Kwa vitendo: ukianza na 1:32, endelea na 1:32. Plau la 1:16 nyuma ya trekta la 1:32 halifungiki, na hata ukilipanga kando yake jicho linakataa.

Britains na Corgi: wakati wa chuma

William Britain na wanawe walibadilisha biashara ya wanasesere mwaka 1893. Walimimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, wakasubiri kidogo ishike pembeni, kisha wakaimwaga iliyobaki katikati kabla haijaganda. Mwanasesere akatoka akiwa na uwazi ndani, mwepesi na wa bei nafuu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu walichoka kuona askari, na hapo ndipo shamba lilipozaliwa: kuku, nguruwe, mkulima na fimbo yake. Mwaka 1948 wakatoa trekta la Fordson Major katika 1:32, na wakusanyaji wengi wanahesabu modeli za 1:32 kuanzia hapo.

Katikati ya miaka ya 1960 risasi iliachwa, zikabaki zinki ya kumimina na plastiki. MF 135 yangu ni ya wakati huo. Mwili ni zinki, magurudumu ni plastiki, matairi ni mpira. Ukiilinganisha na trekta la babu, makosa ni mengi. Injini imechorwa kwa mistari michache tu kama mtoto anavyochora mbavu. Mikono mitatu ya nyuma, ile haidroliki ya Harry Ferguson iliyolifanya trekta dogo libebe plau badala ya kuliburuta, imefupishwa mpaka ikawa kulabu. Matairi ni membamba. Lakini sura ya jumla ni ya kweli: jinsi boneti linavyolala, jinsi madigadi yanavyokaa juu ya magurudumu. Aliyelichonga alikuwa ameliona.

Corgi walifanya kazi hiyo kwa ukubwa mdogo zaidi. Viwanda vyao vilikuwa Swansea, Wales. MF 65 yao ya mwaka 1959 na MF 165 iliyoifuata ziko karibu na 1:43, na MF 165 ilikuwa na kifaa cha kutoa sauti ya injini ukiisukuma mezani. Yangu bado inanguruma. Kitu cha miaka zaidi ya hamsini, kimepita mikononi mwa watoto wasiojulikana idadi yao, na bado kinanguruma! Hapo huwa nawaonea huruma watengenezaji wa leo, kwa sababu hicho ndicho kipimo wanacholinganishwa nacho.

Kinachowabeba hawa wa zamani ni unene. Nguzo ya usukani ya Corgi kwa vipimo vya kweli ingekuwa nene kama mguu wa meza, na ndiyo sababu haijavunjika. Hawakuwa na uwezo wa kuchonga kwa wembamba wa leo, basi wakachonga kwa unene, na unene ukawaokoa.

Britains wa leo ni watu wengine. Kampuni ilinunuliwa na Ertl ya Marekani mwaka 1997, Ertl ikachukuliwa na Racing Champions mwaka 1999, mchanganyiko huo ukaitwa RC2, na mwaka 2011 RC2 ikanunuliwa na Tomy ya Japani. Utengenezaji ukahamia China. Chini ya MF 135 yangu pameandikwa "Made in England". Chini ya Britains mpya hutayaona maneno hayo. Sisemi China kama tusi. Modeli nzuri kuliko zote nilizonazo zimetoka China pia. Kilichobadilika ni hesabu: Britains ya sasa inatengenezwa kwanza kwa ajili ya mtoto wa miaka 3 na kuendelea, kwa bei ambayo mzazi ataikubali dukani, kwa hiyo plastiki imeongezeka na mwili wa chuma umepungua. Kama kitu cha kuchezea ni kizuri sana. Kama kitu cha kabati, kuna bora zaidi.

Siku na Wiking, ndugu wa nyumba moja

Hawa nitakaa nao zaidi, kwa sababu ndio wanaofundisha vizuri tofauti ninayoisema.

Richard Sieper alianzisha kiwanda chake Lüdenscheid, Ujerumani, mwaka 1921. Jina Siku limetokana na jina lake pamoja na neno la Kijerumani la plastiki: Sieper Kunststoffe. Magari yao ya kwanza yalikuwa ya plastiki, na mwaka 1963 wakahamia kwenye zinki ya kumimina. Mwaka 1984 familia hiyo ikachukua Wiking, kampuni iliyokuwa na sifa kubwa kwa vigari vidogo vya 1:87 vinavyowekwa kando ya reli za treni za kuchezea. Kwa hiyo leo nyumba moja inatoa matrekta ya 1:32 kwa majina mawili, na unaweza kuona kwa macho wanachoongeza na wanachopunguza.

Chukua Siku. Mwili ni chuma, na wamepanga kwa makini wapi chuma kikae: chini, kwenye injini na ekseli, ili trekta lisipinduke mtoto akilisukuma. Vioo vya pembeni vimetengenezwa kwa plastiki laini inayopinda na kurudi. Bomba la moshi ni nene kidogo kuliko inavyostahili. Taa ni plastiki iliyopakwa rangi. Nyuma kuna kulabu ya mfumo wao wenyewe inayofunga kila trela na kila haro waliyotoa katika 1:32, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto hachezi na trekta, anacheza na kazi. Anataka kulima, kupakia, kumwaga. Trekta lisilofunga chochote nyuma linachosha baada ya siku mbili.

Chukua sasa Wiking ya 1:32. Ukubwa ni uleule, lakini ukitazama ndani ya kibanda utaona vidude vya kuongozea vimepakwa rangi tofautitofauti kama vilivyo kwenye trekta la kweli. Mabomba ya haidroliki nyuma yana rangi zake. Magurudumu yana kina. Maandishi madogo ya tahadhari yamechapwa moja kwa moja kwenye rangi, si stika. Na kwenye kasha wameandika miaka 14 na zaidi. Mara nyingi bei ni kama mara mbili ya Siku.

Hiyo "14 na zaidi" watu wanaipita bila kuisoma, nami naiona ndiyo mlango wa mambo yote. Sheria za usalama wa vitu vya watoto zinabana sehemu ndogo inayoweza kung'oka na kumezwa, ncha kali, na rangi yenye risasi. Mtengenezaji akitaka kuandika miaka 3, ni salama kwake kioo kipinde na kijiti kiwe kinene. Akiandika 14, anakuwa anasema hiki si kitu cha kuchezea, ni cha kutazama, na hapo mkono wake unafunguka kuchonga wembamba anaoutaka. Mwaka 2007 RC2, wamiliki wa Ertl na Britains wakati huo, waliagiza zirudishwe takriban bidhaa milioni 1.5 za treni za mbao za watoto kwa sababu ya risasi kwenye rangi. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria kali ya usalama wa bidhaa za watoto, ikashusha kiwango cha risasi kinachoruhusiwa kwenye rangi. Tangu siku hizo mstari kati ya cha mtoto na cha mkusanyaji umekuwa mkali kuliko ulivyokuwa wakati wa Corgi yangu, ambayo ilikuwa vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu akiniambia Siku imekuwa ya hovyo kwa sababu vioo vyake ni vinene, namwambia atazame kasha. Siku inafanya kile ilichoahidi. Kwa kudumu mkononi, kati ya zinazotengenezwa sasa, mimi naiweka ya kwanza.

Universal Hobbies, na wale walio juu yake

Universal Hobbies walianza Ufaransa, na modeli zao zinatengenezwa China. Wao ndio waliotufungulia mlango sisi tunaopenda matrekta ya zamani, kwa sababu hawakushikilia mapya tu. Wametoa Ferguson TE20 ya kijivu, wametoa MF 35, wametoa MF 135, baadhi katika 1:32 na 1:16 pia.

MF 135 yao ya 1:32 nikiitazama najisikia niko kwenye ukingo wa shamba. Rangi ya kijivu ya injini na nyekundu ya boneti zimetengana pale zinapotakiwa kutengana. Pampu ya dizeli ipo. Mirija midogo ya kupeleka dizeli kwenye nozeli ipo, inaonekana. Pembetatu tatu za nembo zimechapwa kwenye boneti kwa ukali ambao Britains ya zamani isingeuota. Mikono mitatu ya nyuma ipo na inasogea. Nikiiweka kando ya Britains ya miaka ile, Britains inaonekana kama kumbukumbu ya trekta, na hii inaonekana kama trekta lenyewe likiwa mbali.

Lakini igeuze. Vipande vingi vimegandishwa kwa gundi, na gundi huchoka. Usukani ni mwembamba kama waya. Kila safari ya kuitoa kabatini ni hatari. Ukimpa mtoto wa miaka mitano, kufikia jioni utakuwa unaokota vipande chini ya kochi, na kosa halitakuwa la mtoto. Nimewahi kupokea modeli mpya ya aina hii, kutoka kwa mtengenezaji nisiyemtaja, ikiwa na kioo kimoja kinachotembea huru ndani ya kasha na tone la gundi limekauka kwenye dirisha. Tangu hapo nafungua kila kasha mbele ya muuzaji, na nikiagiza kutoka mbali napiga picha wakati wa kufungua.

Juu ya hapo wapo Marge Models wa Uholanzi na Weise-Toys wa Ujerumani, wanaotoa kwa idadi ndogo na bei kubwa. Kazi yao ni safi sana. Weise wamejikita kwenye mashine za zamani za Kijerumani, Unimog na MB-trac. Kama moyo wako haupo kwenye trekta hasa walilotoa, sioni sababu ya kwenda huko mapema. Zipo pia modeli za resini, aina ya plastiki ngumu ya kumimina, za mafundi wadogo: zinafanana ajabu, lakini resini ikianguka inapasuka kama kikombe. Sizipendekezi kwa nyumba yenye watoto au paka.

Ertl: hadithi ya Dyersville

Mwaka 1945 Fred Ertl, fundi wa kumimina chuma huko Dubuque, Iowa, alianza kutengeneza matrekta madogo chini ya nyumba yake. Aluminiamu aliipata kwa kuyeyusha pistoni za ndege zilizobaki baada ya vita. Familia nzima ilishiriki, watoto wakifunga na kupaka rangi. Mwaka 1959 kiwanda kikahamia Dyersville, mji mdogo jirani, na mji huo ukawa makao ya matrekta madogo ya Marekani mpaka leo. Kuna Jumba la Makumbusho la Taifa la vitu vya shamba vya kuchezea, na kila Novemba wakusanyaji hukusanyika huko. Watengenezaji SpecCast na Scale Models nao wamefanya kazi hapohapo.

Ertl ya zamani ya 1:16 ni kitu cha mchangani. Mtoto wa mkulima alilima nayo nyuma ya nyumba, ikalala nje, ikanyeshewa. Ndiyo maana Ertl nyingi za miaka ya 1950 na 1960 unazozikuta zimekwanguliwa vibaya, na ndiyo maana iliyobaki na kasha lake ina bei ya kushangaza.

Ertl ya sasa usiinunue kwa jina tu, kwa sababu jina moja lina ngazi tatu. Big Farm ni plastiki ya 1:16 yenye taa na sauti, kwa watoto. Prestige ni ya chuma, ya mkusanyaji wa kawaida. Precision ndiyo ya juu, yenye vipande vingi sana, waya, mirija, milango ya kufunguka. Nimeona watu wakitoa pesa ya Prestige wakapokea Big Farm kwa sababu tangazo lilisema "Ertl 1:16" tu, na ukubwa ni sawa. Uliza neno la pili.

Jingine: Ertl imejaa John Deere, Case IH na Farmall, matrekta ya Marekani. Massey ndogo za aina ya mashamba yetu si chakula chake kikuu. Kama unatafuta 135 ya babu, Dyersville si mahali pa kuanzia. Na 1:16 ni nzito, kwa hiyo gharama ya kuisafirisha mpaka Dar es Salaam au Mombasa inaweza kukushtua kuliko bei yenyewe.

Maradhi

Niliishi Tanga miaka mitatu kwa kazi, na niliporudi Arusha nikafungua sanduku nililokuwa nimelifunga kwa mkanda, nilikuta matairi ya trekta mojawapo yamegeuka kuwa kama lami. Yalikuwa yameiyeyusha rimu ya plastiki na kuishika. Kilichotokea ni hiki: tairi la plastiki laini lina kilainishi ndani yake, na kilainishi hicho hutoka polepole, hasa kwenye joto, kikaila plastiki ngumu inayogusana nayo. Modeli ya miaka ya karibuni ndiyo iliyougua. Corgi iliyokuwa sanduku hilohilo, yenye matairi ya mpira, ilikuwa nzima. Joto la pwani na kasha lililofungwa bila hewa ndivyo vilivyoharakisha.

Maradhi ya pili ni ya zinki yenyewe. Aloi nzuri ya kumimina, inayoitwa zamaki, ilitolewa na kampuni ya New Jersey Zinc mwaka 1929: zinki safi sana, aluminiamu kama asilimia 4, magnesiamu na shaba kidogo. Ikiingiwa na risasi hata kidogo, kwa mfano kiwandani wakitumia mabaki machafu, chuma kinaanza kuoza kwa ndani, kinavimba, kinapasuka mistari myembamba kama tope lililokauka, mwishowe kinavunjika mkononi. Dinky za kabla ya Vita vya Pili zinajulikana kwa hilo. Hakuna dawa. Unyevu unaharakisha, kwa hiyo msomaji wangu wa Zanzibar, Lamu au Muscat ana sababu ya kuangalia kwa makini kuliko wa Nairobi. Ukiona boneti limejipinda kidogo, au rangi imeinuka kwa mistari bila kugongwa, weka chini na uondoke.

Na kwa Britains za risasi, zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1960: usiziweke kwenye kabati la mwaloni. Mbao hiyo hutoa mvuke wenye asidi unaoigeuza risasi kuwa unga mweupe. Unga huo ni sumu. Nawa mikono baada ya kuzishika, na zisifike kabisa mkononi mwa mtoto, hata kama babu yake alichezea hizohizo.

Basi, ununue ipi

Kwa mtoto wa miaka 3 mpaka 8, Siku ya 1:32 pamoja na trela moja, au Britains mpya ukiipata kwa bei nzuri. Akipenda ukubwa, Bruder wa Ujerumani wanatoa matrekta ya 1:16 ya plastiki tupu ambayo hayana uzito wa kumwangukia mguuni, na spea zinapatikana. Usimnunulie Universal Hobbies ukijipa moyo kwamba ataitunza.

Kwa anayekusanya matrekta mapya ya Ulaya, Fendt au Claas, Wiking. Nimelinganisha mara nyingi na sijajuta kulipa tofauti.

Kwa anayependa chuma na uzito na historia ya vidole vya watu, Corgi na Britains za miaka ya 1960 na 1970. Nunua iliyochubuka lakini kamili. Iliyopakwa rangi upya inang'aa vizuri kwenye picha, lakini rangi mpya inaweza kuficha nyufa za zinki, na thamani yake kwa wakusanyaji hushuka. Omba picha ya chini ya trekta. Huko ndiko rangi ya kiwandani hubaki, huko ndiko skrubu na ribiti husema kama limewahi kufunguliwa.

Na kwa mwenzangu ambaye alikulia kando ya Massey, anayetaka moja tu: Universal Hobbies, MF 135, 1:32. Kwake udhaifu wote niliousema hauna uzito, kwa sababu hataiendesha mezani, ataitazama. Aiweke nyuma ya kioo, mbali na dirisha la jua, aitoe kwenye kasha la plastiki ipumue, na chini ya ekseli aweke kipande kidogo cha mbao kinachoinua magurudumu milimita moja, ili matairi yasilale upande mmoja. Kipande changu nimekikata kwenye mpini wa jembe la babu.